Idadi ya Wasio na Dini Haituambii Tunachodhani

Mwezi Juni mwaka 2025, kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa hesabu mpya ya dini duniani, kikilinganisha hali ya mwaka 2010 na ile ya mwaka 2020. Wakristo walibaki kuwa kundi kubwa zaidi, watu wapatao bilioni 2.3, ingawa sehemu yao katika idadi ya watu wote ilishuka hadi asilimia 28.8. Waislamu waliongezeka kwa watu milioni 347 na kufikia asilimia 25.6. Kundi la tatu, ambalo liliwashangaza wengi, ni la watu wasiojihesabu katika dini yoyote: bilioni 1.9, yaani asilimia 24.2, takriban mtu mmoja katika kila wanne. Tangu hapo, wapo wanaozisoma takwimu hizo kama taarifa ya kifo cha dini, na wapo wanaozisoma kama mbio baina ya dini mbili kubwa, wakihesabu nani atampita mwenzake na lini. Naona pande zote mbili zinatafuta katika hesabu hizo jambo ambalo hesabu hizo hazikulipima.

Hoja yangu ni kwamba kazi kubwa ya dini katika jamii haifanywi na jina ambalo mtu huliandika kwenye fomu ya sensa, wala haifanywi hasa na itikadi aliyonayo kichwani. Hufanywa na wajibu ambao watu huutimiza pamoja, kwa ratiba na kwa gharama: kuzika, kufunga, kutoa, kukusanyika siku moja, kumjulia hali mgonjwa ambaye si ndugu wa damu. Jina linaweza kubaki huku wajibu umekwisha, na wajibu unaweza kuendelea kwa karne nyingi bila mtu yeyote kuona haja ya kuupa jina. Kwa hiyo swali la nani bado anaamini, ambalo ndilo linalotawala mijadala, ni dogo kuliko swali la nani bado anatimiza nini, pamoja na nani.

Tulitazame kwanza kundi lenyewe la wasio na dini. Karibu thuluthi mbili yao wanaishi China. Watu hao wakiulizwa dini yao husema hawana, kwa kuwa hawajajiandikisha katika jumuiya yoyote ya waumini. Hata hivyo, inapofika sikukuu ya Qingming mwanzoni mwa Aprili, wengi wao huenda makaburini kufagia, kufukiza uvumba na kuwaandalia wazee waliotangulia. Nchini Japani, wengi wanaokana kuwa na dini huzuru mahekalu ya Shinto siku za mwaka mpya, na wakifa huzikwa kwa taratibu za Kibudha. Denmark inaonyesha kinyume chake: zaidi ya thuluthi mbili ya raia bado ni wanachama wa kanisa la taifa na hulipa kodi ya kanisa, lakini wanaohudhuria ibada ya kawaida ya Jumapili ni wachache mno. Mjapani anayewatunza wazee wake waliokufa anaingia kwenye safu ya wasio na dini, na Mdenmark ambaye hajaingia kanisani tangu harusi ya dada yake anaingia kwenye safu ya Wakristo. Siwalaumu watafiti, kwa sababu wao huandika kile wanachojibiwa, na ripoti zao hueleza mipaka yake. Wanaostahili lawama ni wale wanaoibeba asilimia moja na kuijengea utabiri wa zama nzima.

Kwamba matendo hutangulia maelezo ni jambo linaloonekana tangu kale sana. Katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, wanaakiolojia walitangaza mwaka 2021 kwamba wamegundua kaburi la mtoto wa umri kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na mabaki yanaashiria kuwa mwili ulifungwa kitu mfano wa sanda na kichwa kikaegemezwa. Hakuna awezaye kusema wazazi wake waliamini nini juu ya kifo. Tunachoweza kukiona ni walichofanya, na kwamba walikifanya kwa uangalifu ambao mwili usio na uhai hauuhitaji kwa sababu yoyote ya kimwili. Huko Göbekli Tepe, kusini mashariki mwa Uturuki, watu waliokuwa bado wanaishi kwa kuwinda na kuokota walisimamisha nguzo za mawe zenye urefu wa hadi mita tano na nusu, zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Kazi ya namna hiyo huhitaji mikono mingi, chakula cha kuilisha mikono hiyo, na sababu ya kuwafanya watu waache mawindo yao kwa muda. Maana ya sanamu zilizochongwa pale inabishaniwa hadi leo, lakini kwamba watu walikusanyika na kugharamika pamoja halina ubishi.

Karne ya 20 ilileta majaribio makubwa zaidi ya kuiondoa dini kwa makusudi, na matokeo yake yanafundisha kuliko nadharia nyingi. Umoja wa Kisovieti ulifunga makanisa, misikiti na masinagogi, ukawaua au kuwafunga maelfu ya viongozi wa dini, na ukaanzisha jumuiya rasmi ya kuueneza ukanaji Mungu. Sensa ya Januari 1937 iliuliza swali la dini, na zaidi ya nusu ya watu wazima walijitaja kuwa waumini, katika mwaka ambao jibu kama hilo lingeweza kumgharimu mtu maisha yake. Matokeo yalifichwa na waandaaji wa sensa wakakamatwa. Albania ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1990 watu walirejea hadharani kwenye ibada ambazo baadhi yao walikuwa wameziendeleza kwa siri.

Ila jaribio linalonivutia zaidi ni lile la kalenda. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti ilianzisha juma la siku tano. Viwanda vilitakiwa kuzalisha bila kusimama, wafanyakazi wakagawanywa katika makundi matano, na kila kundi likapewa siku yake ya kupumzika. Lengo moja lilikuwa uzalishaji. Jingine lilikuwa kuzifuta Ijumaa, Jumamosi na Jumapili katika maisha ya watu. Kilichotokea ni kwamba mume alipumzika siku ambayo mke yuko kiwandani na watoto wako shuleni, na marafiki wakakosa siku moja ya kuonana. Malalamiko yalitoka hata kwa wafanyakazi waaminifu kwa chama. Mwaka 1931 serikali ilirudisha siku moja ya mapumziko kwa wote katika juma la siku sita, na mwaka 1940 ikarejea kwenye juma la siku saba lenye mapumziko ya Jumapili. Ufaransa ya mapinduzi ilikuwa imepita njia hiyo hiyo kwa juma lake la siku kumi lililoanzishwa mwaka 1793, na Napoleon akaifuta kalenda hiyo kuanzia Januari 1806. Siku ya ibada, kumbe, ilikuwa inamfaidi hata asiyeingia katika nyumba ya ibada, kwa sababu iliwakutanisha watu wote katika wakati mmoja, na hakuna aliyelitambua hilo mpaka siku yenyewe ilipoondolewa.

Kwa nini mambo haya yafanywe na dini na si na chama chochote chenye nia njema? Hapa ushahidi ni wa kuvutia. Mwanaanthropolojia Richard Sosis alichunguza jumuiya 200 zilizoanzishwa Marekani, hasa katika karne ya 19, na watu waliojitenga ili waishi pamoja na kuchangia mali. Baadhi zilijengwa juu ya dini, nyingine juu ya itikadi za kisoshalisti na za kilimwengu. Jumuiya za kidini zilikuwa na uwezekano wa takriban mara nne zaidi wa kuuvuka mwaka wowote ule zikiwa hai. Mwaka 2003, akishirikiana na Eric Bressler, alichambua jumuiya 83 kwa undani zaidi, akiangalia masharti zilizowawekea wanachama wake: kuacha pombe, kuacha vyakula fulani, kuvaa kwa namna fulani, kupunguza mawasiliano na watu wa nje. Katika jumuiya za kidini, kadiri masharti yalivyokuwa mazito ndivyo jumuiya ilivyodumu. Katika zile za kilimwengu, uzito wa masharti haukuongeza umri. Inaelekea kwamba mtu huvumilia gharama ya mfungo au ya zaka pale anapoiona kuwa ni haki ya Aliye juu yake na juu ya wenzake wote kwa pamoja. Gharama hiyo hiyo ikitolewa kama kanuni ya klabu, ataihoji mpaka aitupe. Mikusanyiko ya Sunday Assembly, iliyoanza London mwaka 2013 ikiwa na nyimbo, hotuba na chai lakini bila Mungu, ilienea haraka katika nchi kadhaa kisha mingi ikafifia. Ilikuwa mikusanyiko mizuri ya watu wema, lakini haikumdai mtu kitu ambacho kingemrudisha siku ambayo hajisikii kuja.

Uhusiano wa jambo hili na afya umechunguzwa pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 nchini Marekani kwa miaka 16, ulikuta kwamba waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na kiwango cha vifo kilicho chini kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Takwimu za aina hiyo zinataka tahadhari, kwani mgonjwa sana hawezi kuhudhuria, na watafiti walijitahidi kulizingatia hilo. Muhimu kwangu ni kwamba kilichopimwa ni kuhudhuria. Utafiti wa Chaeyoon Lim na Robert Putnam wa mwaka 2010 ulionyesha vivyo hivyo upande wa kuridhika na maisha: wanaohudhuria ibada huridhika zaidi, lakini faida hiyo huwaendea hasa wale wenye marafiki katika usharika wao. Anayeingia na kutoka bila kujuana na mtu haipati kwa kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Sidai kwamba kupungua kwa mahudhurio ndiyo sababu ya upweke huo, maana sababu zake ni nyingi. Nadai kwamba jamii inayopoteza mahali ambapo watu wa rika zote, matajiri na maskini, hukutana kila wiki bila kualikana, imepoteza kitu ambacho haijui itakipata wapi tena.

Kuna hoja tatu zinazosikika mara kwa mara katika mjadala huu. Ya kwanza, ambayo hutolewa na waumini wenzangu, ni dhaifu kuliko zote: kwamba pasipo dini hakuna maadili, na jamii inayoacha ibada itaangamia kwa uhalifu. Denmark niliyoitaja, yenye makanisa matupu, imekuwa ikiongoza kwa miaka mingi katika orodha za kimataifa za nchi zenye rushwa ndogo. Wapo wanaojibu kwamba nchi za namna hiyo zinaishi kwa akiba ya maadili iliyowekwa na mababu waumini, na kwamba akiba hiyo itakwisha. Huenda, lakini utabiri usiotajiwa muda hauwezi kukosea, na kwa sababu hiyo hiyo hautuelezi chochote. Isitoshe, hoja hii inaidhalilisha dini kwa kuigeuza askari wa doria. Mtu anayeacha kuiba kwa hofu ya moto pekee hajafika mahali ambapo dini yoyote kubwa ilikusudia kumfikisha.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Inasema kwamba dola imechukua kazi zilizokuwa za dini na inazifanya vizuri zaidi. Kwa karne nyingi hospitali, shule na chakula cha maskini vilitegemea wakfu wa Kiislamu, nyumba za watawa, zaka na sadaka. Leo vinategemea kodi na bima. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii, na nakubali bila kinyongo. Mgonjwa wa saratani asisubiri ukarimu wa mtu, na mtoto asikose shule kwa kuwa wazazi wake si wa dini ya mwenye shule. Hata hivyo kuna msaada ambao thamani yake yote iko katika kutolewa na mtu kwa mtu. Katika Hekalu la Dhahabu la Masingasinga mjini Amritsar, makumi ya maelfu ya watu hulishwa kila siku bila malipo, na wote huketi sakafuni mstari mmoja, wa tabaka la juu na wa tabaka la chini. Serikali inaweza kuigawa mikate hiyo. Haiwezi kuwaketisha watu hao pamoja. Nimewahi kukaa na familia iliyofiwa na mtu aliyeachana na dini miaka mingi kabla. Walimpenda, na fedha za mazishi zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu aliyejua nini kifuatie baada ya maiti kutoka hospitalini: nani aseme, aseme nini, watu wakae siku ngapi, na lini mjane aachwe apumzike. Mambo hayo yote walilazimika kuyabuni katikati ya machozi. Taratibu za mazishi katika dini zilikusanywa na vizazi vingi vya waliofiwa, kwa ajili ya watu ambao saa hiyo hawana nguvu ya kufikiri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya damu: kwamba nguvu hii ya kuunganisha ndiyo inayochinja. Baadhi ya mifano inayotolewa hunisaidia mimi. Bosnia, kabla ya vita vya 1992 hadi 1995, ilikuwa imepitia miongo ya utawala wa kisoshalisti. Mahudhurio ya ibada yalikuwa haba na ndoa za mseto mijini hazikuwa ajabu. Wajibu wa dini ulikuwa umelegea, lakini jina la dini lilibaki kuwa alama ya kabila, na alama hiyo ndiyo iliyoamua nani auawe Srebrenica mwezi Julai 1995, ambako wanaume na wavulana Waislamu wapatao 8,000 waliuawa. Jina lililobaki bila wajibu ni chombo kilicho tayari kwa mwanasiasa, kwa kuwa halimdai mwenye nalo chochote zaidi ya kumchukia asiye nalo.

Lakini Rwanda hainipi faraja hiyo. Mwaka 1994 ilikuwa miongoni mwa nchi zenye Wakristo wengi zaidi kwa uwiano, na makanisa yalijaa. Watutsi walikimbilia makanisani, Nyamata na Ntarama na kwingineko, wakauawa humo humo, mara nyingi na watu waliowahi kuketi nao kwenye benchi moja. Baadhi ya mapadre walishiriki. Wengine walikufa wakiwakinga waumini wao. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji hayo. Hapo ibada ilikuwepo, jumuiya ilikuwepo, na havikutosha. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kutimiza wajibu pamoja huleta amani. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya mauaji viongozi wa juu wa kanisa walikuwa karibu mno na watawala, wakati jumuiya ndogo ya Waislamu, iliyokuwa mbali na madaraka, ilijulikana baadaye kwa jinsi wengi wa watu wake walivyokataa kuua na walivyowaficha waliowindwa. Uhuru mbele ya dola ndio uliowawezesha waumini kusema hapana. Ndivyo ilivyokuwa pia Afrika Kusini, ambako Kanisa la Kireformati la Waholanzi lilihalalisha ubaguzi wa rangi likiwa kando ya kiti cha utawala, huku makanisa yaliyokuwa mbali na kiti hicho yakiupinga. Na mwaka 1982 jumuiya ya kimataifa ya makanisa ya Kireformati, ikikutana Ottawa, ilitangaza kwamba kuutetea ubaguzi huo kwa teolojia ni uzushi.

Haya yana athari kwa pande zote. Viongozi wa dini wanaoshangilia kuongezeka kwa idadi wangefaa kujiuliza ni wangapi kati ya hao wanajuana kwa majina, na ni kiasi gani cha uhuru wao wamekiuza ili wakae meza moja na watawala. Serikali zinazotaka kuitumia dini kama gundi ya taifa zitaidhoofisha kwa kuisaidia, maana jumuiya inayotegemea mkono wa dola haiwezi kuukemea. Nao wanaoiacha dini kwa dhamiri safi, na wapo wengi, wanahitaji kujua kwamba kuacha itikadi na kuacha wajibu ni mambo mawili, na kwamba la pili lina matokeo kwa watu wasiohusika na uamuzi wao. Katika sensa ya England na Wales ya mwaka 2021, umri wa kati wa waliosema hawana dini ulikuwa miaka 32, na wa Wakristo ulikuwa 51. Aliyelelewa katika ibada na kuiacha ukubwani bado anajua namna ya kukaa na mfiwa, kwa sababu alifundishwa. Watoto wake watajifunza kwa nani ni jambo ambalo wazazi hao wanapaswa kuliamua wenyewe, mapema, kama walivyoamua kuhusu shule.

Kwa watafiti, naona njia iko wazi. Swali la dini kwenye sensa libaki, kwa kuwa lina faida zake, lakini liandamane na mengine: katika mwezi uliopita umekula na nani asiye wa kaya yako, nani atajua ukiugua siku tatu, ulimpa nani fedha au kazi yako bila kutarajia kulipwa, ukifa leo, nani atajua la kufanya. Majibu yatatofautiana ndani ya kila dini na ndani ya kundi la wasio na dini vilevile. Yanaweza kukusanywa kwa utafiti wa kawaida wa kaya, na yangewafaa waumini na wasioamini kwa kiasi kile kile.